Nyamu Kivuti na Ukuta wa Chuka

Ndugu waombolezaji, hata nyinyi mliokosa nafasi ndani ya hema, Nyamu Kivuti tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1978 hapa Kanja, mtoto wa tatu wa mzee Kivuti na mama Kanini, akasoma shule ya msingi papa hapa, kisha sekondari Runyenjes, na mwaka 2001 akahitimu mambo ya umeme na mitambo ya simu, na tangu siku hiyo hakuna redio katika tarafa hii iliyothubutu kunyamaza mbele yake.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni ya mtandao mjini Runyenjes, na tarehe 4 Desemba 2010 akamwoa Gatwiri, mwalimu wa Ruiri, wakajaliwa Sheila na Munene, lakini kazi ikawatenga, yeye huku Embu, mama na watoto kule Meru, wakawa wanaonana kwa simu ya video, na hapo ndipo alipokutana na adui wa maisha yake.

Kila jioni Gatwiri alisikika, "Baba Sheila, umeku..." kisha uso unaganda mdomo wazi, na Nyamu, ambaye hakuna waya uliowahi kumdanganya, akafuatilia hadi akajua kwamba mtandao hukata maneno vipande vipande, na vipande vya kutoka huku kwenda Ruiri, safari ya asubuhi moja kwa bodaboda, vilizungushwa Nairobi, vikavuka bahari, vikasalimia Wazungu, vikarudi nusu yake imepotea, ilhali kampuni yake na ile inayohudumia Ruiri zilikuwa na mitambo katika jengo moja pale Chuka, katikati ya Embu na Meru, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta, waya mmoja tu ukipita hapo mambo yameisha.

Wakuu wa huku walimwambia, "Nyamu, kwetu ni safi, shida ni ya wale," wa kule wakasema hivyo hivyo, kila upande ukingoja mwenzake aombe kuunganishwa kwanza, na tangu 2019 alibeba drili kwenye begi, akijigamba kwamba ukuta huo angeutoboa akiwa amefumba macho, lakini hakuruhusiwa hata kuugusa.

Februari mwaka huu wa 2025 kifua kilimbana, kliniki ya Runyenjes ikampiga picha ya moyo na kuituma kwa daktari bingwa Meru, hospitali inayotumia mtandao wa kule, picha ikakwama katikati, naye akiwa kitandani akamwambia muuguzi Lydiah, "Dada, usihangaike kutuma tena, najua inapoangukia," basi wakampakia kwenye ambulensi kwenda Meru, na tarehe 21, saa nne asubuhi, wakipita Chuka, akatuacha.

Jumatatu iliyofuata kampuni hizo mbili ziliutoboa ukuta, kazi ya kunywa chai kikombe kimoja, na kitu cha kwanza Gatwiri alichopokea, akiwa Ruiri akifunga mizigo ya kuja kuzika, bila kukosa hata kipande, ni picha ya mumewe kwenye tangazo la kifo.

Tunamshukuru Lydiah, madaktari waliongoja picha, majirani mlioleta kuni na maji, wafanyakazi wenzake, na nyinyi wakuu wa kampuni zote mbili, ambao leo tunawaona mmeketi benchi moja.

Pumzika kwa amani, Baba Sheila, njia iko wazi sasa, na asiyepokea ni wewe.