Paja la Thelathini na Mbili

Tarehe 31 Desemba 2022, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miezi minne, Sajini Mkuu Shih Ching-tien atarudisha ufunguo wa karakana yetu ya magari hapa Chiayi na kwenda zake nyumbani. Aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na minane, mwembamba kiasi kwamba mkanda mdogo kuliko yote stoo ulimpwaya. Mkanda anaovaa sasa umetobolewa matundu mapya mara tatu, na sababu yake itaelezwa hapa chini.

Kazi yake wote tunaijua. Huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea, kisha akataja kilichoharibika. Mwaka 2009, siku ya gwaride, gari la mkaguzi lilizimika mbele ya jukwaa. Shih aliinama, akasikiliza, akasema, "Hili haliumwi. Limeishiwa mafuta." Dereva wa gari hilo mpaka leo hapiti karibu na karakana. Lori namba saba, ambalo makao makuu walishalifuta mara mbili kwenye orodha, bado linakwenda sokoni kuleta mboga.

Sasa niseme na langu. Mimi, Pai Hsiu-lan, karani wa ofisi ya ustawi, ni mshenga. Si kazi niliyoajiriwa, ni ugonjwa. Nimeunganisha ndoa thelathini na moja kambini hapa, na kwa kila ndoa nimeletewa paja langu la nguruwe, haki ya mshenga. Aliyenishinda ni mmoja tu. Shih nilimtafutia wasichana saba. Wa saba, mwaka 2000, alikuwa Kan Mei-chu, aliyekwenda mgahawani akisindikizwa na kaka yake. Mimi sikuhudhuria. Kesho yake simu ikalia.

"Dada Lan, huyo mwanajeshi wako kaongea na kaka yangu saa tatu nzima! Mimi kaniuliza tu kama nataka sosi!"

Nikaandika kwenye daftari langu: imeshindikana.

Mwaka huohuo alianza kufika getini, kila Ijumaa adhuhuri, muuza wali wa bata mzinga mwenye tabasamu na vibweta vya chakula vya kutosha karakana nzima. Shih alituambia ni binamu yake. Tumekula wali wa binamu miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo habari ya mkanda.

Lakini kuna jambo linanichoma. Mwaka 2003, askari mmoja alihamishwa ghafla baada ya kujulikana kwamba anapenda wanaume. Tukiwa mezani, wali wa binamu mdomoni, nikasema, "Afadhali. Jeshi si mahali pa mashoga." Watu wakacheka. Shih akaweka vijiti chini, akasema ameshiba. Sikumuuliza kitu.

Mwaka 2019 sheria ikabadilika, wapenzi wa jinsia moja wakaruhusiwa kuoana, na Shih bado hakusema neno. Kumbe shauku yake ilikuwa moja: kufunga ndoa akiwa amevaa sare, katika harusi ya pamoja ya jeshi, kabla hajaivua. Na fomu za harusi hiyo zinapokelewa mezani kwangu.

Akaja mwezi Juni mwaka huu, siku ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika tano tufunge. Jasho lilikuwa linamtiririka na fomu ameificha ndani ya kibweta cha chakula.

"Dada Lan, ukicheka nitaondoka. Sitakulaumu."

Nikasoma jina la pili. Kan Yu-sheng. Nikalisoma tena.

"Huyu si kaka yake Mei-chu?"

"Ndiye."

"Na binamu je?"

"Ndiye huyohuyo. Hatuna undugu wowote."

Nililia kama mtoto. Nikamwomba radhi kwa lile neno la mezani, ambalo wote wawili tulikuwa bado tunalikumbuka. Akanipa tishu, akasema, "Nilishakusamehe, Dada. Piga muhuri kwanza, ofisi inafungwa!"

Kanali naye alipotia saini alikuwa na wasiwasi mmoja tu: "Huyu akistaafu, wali tutaletewa na nani?"

Oktoba walisimama kwenye mstari wa maharusi, Shih na sare iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, Yu-sheng na suti iliyombana. Mafundi walipiga honi ya lori namba saba mpaka betri ikafa. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeliwasha tena, ua likiwa kifuani.

Juzi nimekuta mlangoni kwangu paja la nguruwe kubwa kuliko yote niliyowahi kupokea, limefungwa karatasi nyekundu iliyoandikwa: "Kwa mshenga wetu. Samahani kwa kuchelewa miaka ishirini na miwili." Nimetoa daftari la zamani, nikafuta "imeshindikana". Zimetimia thelathini na mbili.

Ratiba ya kuagana, namba sita, kila mwaka husema "Mke wa mstaafu kupokea maua". Ya leo nimeichapa upya, na nitaisoma mwenyewe, kwa sauti ya kufika getini: mume wa mstaafu, Bwana Kan Yu-sheng, apande jukwaani.

Afande Shih, asante kwa injini zote ulizozifufua, na kwa subira uliyonivumilia nayo. Mzeeke pamoja kwa raha na afya tele. Ijumaa adhuhuri tutakuwa getini na vijiti vyetu.