Mwalimu Telesfori na Kompyuta ya Mninga

Tarehe 30 Juni 1979 Ndugu Telesfori Kalyalya, mwalimu wetu wa ufundi, atakabidhi funguo za karakana baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Mzaliwa huyu wa Kibaoni amefundisha hapa Mpanda tangu 1952, na muda wote huo hajawahi kumwazima mtu randa yake bila kumfuata nyuma.

Mwaka 1974 alikwenda semina Dar es Salaam. Huko walionyeshwa kompyuta kupitia kioo, kwa dakika kumi. Wenzake walirudi na vitenge vya wake zao. Yeye alishuka kwenye treni na azimio. Wanafunzi wake wangesanifu madawati kwa kompyuta, iwepo isiwepo.

Haikuwepo, basi akaiunda: kabati la mninga lenye matundu mawili. Mwanafunzi alichora dawati, akaandika vipimo kwenye kadi, akaitumbukiza kwenye tundu la kushoto. Tundu la kulia lilitoa jibu: mbao ngapi zitahitajika, na kama dawati litakalika. Ndani, juu ya debe, aliketi Mwalimu Klementina wa hesabu, yaani mimi ninayeandika haya, na tochi yangu. Wanafunzi walijua nimo, lakini hakuna aliyenisalimia. Kompyuta haisalimiwi.

Niliwahi kuuliza kwa nini nisikae mezani kama binadamu. Alinijibu kwamba mashine haikujui wala haikuhurumii. Inajibu ulichoandika, basi. Na kweli, watoto waliozoea kukadiria kwa macho walianza kupima.

Mwaka 1976 ilikuja barua kwamba zana zetu huenda zikahamishiwa shule nyingine, ila mkaguzi aje kwanza kutoka Sumbawanga ajionee. Siku hiyo Ndugu Telesfori alichora mwenyewe ubaoni dawati la watoto watatu, akatumbukiza kadi yake kwa madaha. Nilipiga hesabu mara mbili. Kila mtoto sentimita arobaini, na benchi ameandika themanini. Nikatoa jibu: halitoshi.

Alilisoma, akamgeukia mkaguzi, akamwambia mashine leo imeingiwa na vumbi. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mashine haina vumbi, Mwalimu," nikasema kutoka ndani. "Umesahau mtoto wa tatu."

Nilijua zana zimekwenda, na nimeziondoa mimi. Ndugu Telesfori alichukua kifutio, akafuta benchi lake, akaandika 120.

"Mmeona?" akawaambia wanafunzi. "Hata mimi hainijui."

Tulisubiri wiki tatu. Barua ilisema zana zibaki, na kompyuta itengenezewe kiti chenye mgongo.

Alikitengeneza mwenyewe. Alinipima mara tatu, mtu aliyewahi kusahau mtoto mzima. Ndicho ninachokalia sasa.

Mwalimu, nenda Kakese ukalime mpunga wako kwa amani. Tunakushukuru sana, tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Karakana bila wewe itapoa, na hilo linaniuma. Tulipokuuliza unataka zawadi gani, ukaomba kabati. Lichukue. Kiti sikitoi.