Kopo la Vifungo na Hesabu ya Kumi

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba wangu tia hiyo simu mfukoni, maana pumzi nilizobakiwa nazo si za kurudia maneno. Msinikunjie nyuso. Kufa nakufa, lakini leo nina furaha mpaka kifua kimesahau kuuma!

Nyumba ni yenu nyote wawili, hilo halina mjadala. Cherehani ni ya dada yako. Ila chumba cha kushonea, ambacho umeshamwahidi mpangaji, usidhani sina masikio, hakipangishwi ng'o, kwa sababu ndimo Chiriku anamojifunza kusema.

Naam, Chiriku, mjukuu wangu, binti wa huyu dada yako, miaka saba na hajatamka neno. Nilipompa jina la utani la ndege asiyefunga mdomo ulinifokea kwamba namdhihaki mtoto asiyeelewa kitu, tukanuniana mwaka mzima. Nimekusamehe, nawe nisamehe, kwa maana kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la jina. Nilimpenda kwa pupa: kabla hajageuza shingo maji nimeshamtia mdomoni, kabla hajanyoosha mkono kopo la vifungo analopenda kuchezea liko mapajani mwake, nami najisifu kwamba namjua kuliko mamake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aombe nini aliyekwisha kupewa vyote?

Akaja yule binti wa kliniki, mtaalamu wa mawasiliano. Nilingoja amwambie mtoto "sema a", kumbe yeye aliketi sakafuni asubuhi mbili, katikati ya mabaki ya vitambaa, akiandika kila kitu: anachokitazama, anayemvuta mkono, anavyoguna cherehani ikisimama. Kisha akaniambia, "Bibi, huyu anasema sana, wewe ndiye unayemwahi. Funga kopo, bandika picha ya kopo kwenye aproni yako akupe akilitaka, halafu hesabu kimoyomoyo mpaka kumi."

Kumi, jamani! Siku ya kwanza alilia, nikafungua kwenye nne. Siku ya pili, sita. Wiki ya tatu nimefika tisa, jasho linanitoka, Chiriku akabandua picha ya kopo kwenye aproni yangu, akaitia kiganjani mwangu, akanitazama machoni. Lo! Nilipiga ukelele hadi jirani akaja mbio akidhani tumefiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu.

Aproni ni hii hapa, picha zote nimezibandika kwa mkono wangu. Ivaeni kwa zamu, na wewe mjomba wake Chiriku uanze, ivae sasa hivi. Picha zikichakaa, choreni nyingine. Kliniki msikose. Na huruma ikiwasukuma kumpa kabla hajaomba, jishikeni mikono. Subira huvuta heri. Mungu awape masikio mapana na ulimi mfupi, mzeeke mkipendana.

Niinueni kidogo... basi, hapo panatosha. Nani huyo? Chiriku, njoo mama. Msimsaidie! Mwacheni achague mwenyewe kwenye aproni ya mjomba wake. Moja... mbili... tatu... msiseme kitu... sita... Ah! Kabandua! Kaiweka kiganjani mwangu. Macho yangu hayaoni tena, niambieni ni ipi.

"Endelea"? Ile anayonipa kila nikimaliza hadithi? Mnamsikia? Mnamsikia mwanangu anavyosema! Ee Chiriku wangu... bibi... pumzi imekatika. Mjomba, ipokee hiyo picha. Mjibu wewe.