Bi. Kasiva Ngui na Matetemeko Yaliyopumzika Jumapili

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, saa kumi na moja jioni, Bi. Kasiva Ngui atalifunga daftari la matetemeko la kituo chetu cha Mumbuni kwa mara ya mwisho, baada ya kulitunza kwa miaka thelathini na minne. Ameomba kusiwe na hotuba ndefu. Ombi lake limepokelewa, likajadiliwa, likakataliwa.

Alijiunga nasi mwaka 1992 akitokea kwao Wamunyu, akiwa na stashahada ya takwimu na rula ya mbao aliyochongewa na kaka yake. Siku hizo mashine ilichora mistari kwa wino kwenye karatasi, na kazi yake ilikuwa kupima kila mchoro na kuandika saa, ukubwa na chanzo. Safu ya chanzo ndiyo iliyomjengea jina. Wengine waliandika "haijulikani" wakaenda zao kunywa chai. Yeye alitoka nje kuangalia. Ndiyo maana daftari la mwaka 1995 linasema, kwa mwandiko safi, "Ng'ombe wa Musili anajikuna ukutani, saa nne na robo." La 1998 lina tetemeko la dakika arobaini ambalo, baada ya uchunguzi, liligunduliwa kuwa ni kwaya ya jirani iliyokuwa ikijifunza kuruka.

Wageni wote waliofika kituoni walimuuliza swali moja: tetemeko lijalo litatokea lini? Aliwajibu kwa uso mkavu kwamba ni kesho. Hakuwahi kukosea, kwa kuwa duniani hakuna siku isiyo na tetemeko. Akishawashtua hivyo, aliwakalisha na kuwafundisha kwamba kwa kila tetemeko la ukubwa wa tano, utegemee kama kumi ya ukubwa wa nne na mia ya ukubwa wa tatu. Alidai kanuni hiyo inafaa hata kwa ugomvi wa ofisini, na kwamba ule wa kugombania vikombe ni wa ukubwa wa tatu. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, na alituita majina ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha.

Lakini kisa kinachomweleza vizuri zaidi ni cha Kalama, Septemba 2014, na kinamhusu pia mwenzetu mmoja ambaye tutamwita Mhitimu, kwa sababu wakati huo hakukosa kutaja shahada yake kila alipofungua mdomo.

Jumanne moja saa nane mchana ardhi ilitikisika Kalama. Hakuna aliyeumia, lakini shule moja ya msingi ilifungwa na watoto wakawa wanasomea kwenye mahema. Mhandisi alikagua madarasa akayakuta mazima. Hata hivyo kamati ya shule iliamua kwamba hakuna mtoto atakayeingia ndani hadi mitetemo inayofuatia tetemeko kubwa ipungue. Bi. Kasiva aliiita mitetemo hiyo "wajukuu", na alijua tabia yao: siku ya pili huja kama nusu ya wale wa siku ya kwanza, siku ya tatu theluthi, siku ya nne robo, wakizidi kupungua taratibu. Siku ya kwanza walikuja arobaini na wanane. Siku ya nne walikuwa kumi na wawili. Kila kitu kilikwenda kama kilivyotarajiwa.

Kisha, kuanzia Jumatatu iliyofuata, wajukuu wakagoma kupungua. Siku ya kumi na nne, walipotegemewa watatu au wanne, orodha ya kompyuta ilionyesha kumi na wawili. Mtihani wa Darasa la Nane ulikuwa umekaribia, na kamati ikapanga kuwagawa watoto katika shule tatu, ya karibu ikiwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mhitimu, aliyekuwa msimamizi wa orodha hiyo ya kompyuta, hakushtuka hata kidogo. Alifurahi. Aliyapa matetemeko hayo jina, Mfuatano wa Kalama, akaenda redioni kuwaeleza wananchi kwamba sayansi haijawahi kuona kitu kama hicho. Hapo alisema kweli tupu.

Bi. Kasiva alichukua orodha, akaacha kuipanga kwa tarehe, akaipanga kwa saa. Kisha akamwita Mhitimu mbele ya ofisi nzima.

"Wee, hii tetemeko yako iko na lanchi," akamwambia. "Inaanza saa tatu, saa saba inaenda kukula, saa kumi inafunga. Na Jumapili haifanyi kazi. Sijui ni ya Katoliki ama ya Protestanti, lakini imeokoka."

Siku mbili zilizofuata alizimalizia kando ya machimbo ya mawe yaliyokuwa ng'ambo ya kilima, akiwa na kigoda, saa ya mkononi na chupa ya chai. Kila baruti ilipolipuka, aliandika dakika. Milipuko kumi na saba, na yote kumi na saba ilikuwa kwenye orodha kama matetemeko. Machimbo yalikuwa yamesimama kwa siku chache baada ya tetemeko, yakafunguliwa Jumatatu ile ile wajukuu walipogoma. Kompyuta ilikuwa na kichujio cha kuitenga milipuko ya namna hiyo. Mhitimu alikuwa amekizima kwa sababu kilichelewesha mashine, kisha akasahau.

Milipuko ilipoondolewa, wajukuu wakarudi kwenye mstari wao. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Muthoka, alimtaka Bi. Kasiva awahakikishie kwamba mambo yamekwisha. Mtu mwingine angekubali na kupigiwa makofi. Yeye aliwaambia: "Sitawadanganya ati imeisha. Wiki hii itakuja zingine, ndogo. Ikikuja, watoto watoke pole pole, wahesabu, warudi wasome." Shule ilifunguliwa. Siku ya pili ukaja mtetemo mmoja katikati ya somo la hesabu. Watoto walitoka, wakahesabu, wakarudi, wakauchora kwenye chati ukutani. Darasa la Nane lilifanyia mtihani shuleni kwake.

Ikabaki ripoti ya kosa, na kuiandika ilikuwa kazi ya Bi. Kasiva. Mkurugenzi wa wakati huo alitaka jina, na Mhitimu, aliyekuwa na miezi minne tu kazini na mkataba wa majaribio, alianza kupakia vitabu vyake kwenye katoni. Ripoti ilipotoka, ilisema: "Orodha haikukaguliwa na mkuu wa kitengo, K. Ngui." Mkuu wa kitengo alipewa barua ya onyo, na mwaka huo cheo cha naibu mkurugenzi, alichokuwa akikingojea, kikampita. Barua ile aliitumia kuwekea kikombe cha chai. Mhitimu aliona aibu kuuliza, naye Bi. Kasiva hakuwahi kulitaja kosa lile tena.

Mhitimu ndiye anayeandika haya. Jina langu ni Mulwa, na kuanzia Jumatatu ni mimi nitakayekaa kwenye kiti chake. Kosa lilikuwa langu, Mwaitu, na nimechelewa miaka kumi na miwili kulisema mbele ya watu. Nakushukuru. Kichujio hakijazimwa tena tangu siku ile.

Wiki iliyopita alinikabidhi rula yake na karatasi moja yenye hesabu. Amekadiria ni mara ngapi nitampigia simu Wamunyu nikiwa nimekwama: wiki ya kwanza kumi na mbili, ya pili sita, ya tatu nne, ya nne tatu, na wiki ya kumi na mbili mara moja. Nilimuuliza itafika sufuri lini. Alinitazama kana kwamba sijui kusoma mchoro, akaniambia mstari wa namna hii haufiki sufuri, na simu yake haizimwi.

Nenda salama, Bi. Kasiva. Mtama wako uzae, magoti yako yapone, na usikie ukiitwa mara chache kuliko ulivyokadiria. Ingawa nikiwa mkweli, leo ni Alhamisi, hujaondoka bado, na nimeshakupigia mara mbili.