Mwalimu Remigius na Kamba ya Mawenzi

Ijumaa hii, tarehe 25 Juni 1982, Mwalimu Remigius Mallya anastaafu baada ya kufundisha Jiografia shuleni kwetu kwa miaka ishirini na mitatu.

Wengi watamkumbuka kwa kiburu. Somo la kontua lilipotushinda, alileta sufuria ya ndizi na maharage yaliyopondwa, akajenga Kilimanjaro juu ya sinia, akaukata mlima tabaka kwa tabaka, kisha darasa likaula. Hakuna aliyekosa swali la kontua mwaka ule. Ndiye pia aliyeanzisha Chama cha Wapanda Mlima, na wanafunzi wengi walifika Kibo nyuma yake wakiwa wamevaa sweta za kuazima.

Mwaka 1974 alikwenda kupanda ukingo wa Mawenzi pamoja na Damian, kijana wa Pasua aliyekuwa Kidato cha Tatu. Mwamba ule hupandwa kwa vipande. Wa kwanza hutangulia huku mwenzake akimlegezea kamba kutoka chini. Akipata pa kusimama hujifunga, kisha humshikia kamba mwenzake naye apande. Vipande vitatu vya mwanzo walivimaliza salama. Kwenye cha nne njia iligawanyika, na Mwalimu akashika ya kushoto, yenye mawe malegevu. Damian alikuwa ameusoma mchoro wa njia ile mpaka akaukariri. Alijua kwamba njia ni ya kulia, lakini alinyamaza.

Majuma machache kabla, Mwalimu alikuwa amechora Mto Pangani ubaoni, mishale yake ikitoka baharini kuja Moshi. Damian alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huo mto unapanda mlima." Darasa lilicheka. Damian alipigishwa magoti juani hadi kengele ilipolia.

"Nilimfundisha kunyamaza," Mwalimu aliniambia nilipokwenda kumhoji, "na alikuwa mwanafunzi mzuri."

Kule Mawenzi, jiwe aliloshika Mwalimu lilitoka, akaanguka. Damian aliizuia kamba kwa viganja vitupu. Ilimbabua ngozi, lakini hakuiachia. Mwalimu alivunjika mguu, na ndiyo sababu anachechemea hadi leo.

Huku shuleni ikasemwa kwamba Damian ndiye aliyeiachia kamba. Habari hizo zilimfikia Mwalimu akiwa bado kitandani hospitalini, naye hakuzikanusha. Aliporudi, hakuzikanusha pia. Damian alichekwa hata akaacha shule kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne. Sisi tuliokuja baadaye, ambao hatukuwahi kumwona, tulirithi kicheko kile. Mtu akiangusha sahani bwaloni, tunasema amefanya Udamiani. Ni aibu kuandika hivyo katika karatasi ya sherehe, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Kamati ilishauri sehemu hii iondolewe, kwa kuwa mgeni haagwi kwa makosa yake. Mwalimu alikataa. Alisema kama haimo, basi asisomewe kitu chochote, na aende zake nyumbani kama siku nyingine. Kwa hiyo tunaandika wazi: Damian hakuiachia kamba. Bila yeye, leo tusingekuwa na mtu wa kumuaga.

Jumapili iliyopita Mwalimu alikwenda Pasua kumwalika. Mama yake Damian alimwamkia vizuri, akampa kigoda, akasema, "Damian hayupo, Mwalimu. Ametoka." Viatu vya Damian vilikuwa mlangoni. Mwalimu alikaa hadi jua likazama, akaomba radhi kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, kisha akaaga.

Mwalimu Remigius, tunakushukuru kwa ramani zote, na kwa hili pia, ijapokuwa limechelewa. Nenda salama Kibosho, migomba yako izae, mguu usikusumbue wakati wa baridi. Na utakaporudi Pasua, kwa maana umesema utarudi, tunakuombea Damian atoke akupokee.