Papa Benoît Zagabe na Simba Aliyekosa Mkia

"Koko, hii picha inaishia wapi?"

Gloire alimuuliza babu yake hivyo alipokuwa mtoto mdogo, akibiringisha kijiwe chenye picha, mikono yake imejaa udongo. Papa Benoît Zagabe alicheka. "Ngoja kwanza picha yangu ifaulu. Nitakujibu."

Papa Benoît alizaliwa Kabare tarehe 14 Machi 1949. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri, kisha akapata diplome d'Etat, cheti cha kumaliza sekondari, hapa Bukavu mwaka 1969. Kuanzia 1973 hadi 2014 alifundisha historia Ibanda. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa Waashuru na mihuri yao: vijiwe vya mviringo kama chaki, vilivyochongwa picha pande zote. Mwenye muhuri aliubiringisha juu ya udongo mbichi, picha ikabaki pale kama jina lake. Papa hakutosheka na mchoro wa kitabuni. Alitafuta jiwe laini na msumari, akaanza kuchonga.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Maman Francine, parokiani Bagira. Bwana harusi alifika na vumbi la jiwe kwenye kucha. Maman anasimulia mpaka leo.

Shida yake ilikuwa simba. Alianza na kichwa, akifika nyuma, jiwe limekwisha. Ukibiringisha, simba anatoka bila mkia.

"Prof, hii ni simba ao mbuzi?" Didier, mwalimu mwenzake, alimchokoza.

"Mukia iko njiani!" Papa alijibu, miaka nenda rudi.

Machi 2023 AVC, yaani kiharusi, ilimlegeza mkono wa kuume. Nyumbani wote walidhani mambo ya mihuri yamekwisha. Yeye akahamishia msumari mkono wa kushoto, na safari hii akaanza na mkia. Agosti 2024 alibiringisha mbele ya familia: simba, mkia, simba, mkia, bila pengo hata kidogo. Maman Francine alipiga vigelegele, akawaita majirani.

"Simba iko na mukia! Bajirani, mukuye muone!"

Uani hapakubaki nafasi ya kusimama.

Moyo wake ulisimama tarehe 11 Novemba 2024. Ameacha mjane, Maman Francine; watoto, Hugues na Constance; mjukuu, Gloire; na wanafunzi wake mji mzima. Alale salama, kazi yake imetimia.

Siku ile ya vigelegele, Gloire, ambaye sasa yuko sekondari, alimkumbusha deni la jibu. Koko alimtilia muhuri mkononi.

"Haiishake, mutoto yangu. Sukuma tu."