Chewa Aliyekuwa Mama

Kijiwe chetu kiko Garsen, ubavuni mwa stendi ya mabasi, mbele ya duka langu la cherehani. Ni benchi moja la mbao ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Basi la kwanza la Malindi likiondoka, Bishara, mama muuza kahawa, hufika na chupa zake mbili, na hapo bunge hufunguliwa. Kulia hukaa mzee Hiribae, tunayemwita Pembe, maana akitazama pembe za ng'ombe tu anakutajia umri wake na ndama aliozaa. Katikati hukaa Komora, mkulima wa kando ya mto. Huyo ni Profesa, kwa kuwa hajawahi kuulizwa neno akasema hajui. Mwisho wa benchi ni pa Zadock, anayeleta samaki kutoka Kipini kwa pikipiki. Yeye tunamwita Barafu. Alhamisi hiyo Barafu alifika na sanduku tupu, akaketi bila kusalimia mtu.

— Samaki wangu yuko wapi? Profesa akamuuliza. Jumamosi namwoza binti yangu Gladys. Wakwe wanatoka Hola, gari mbili. Wewe mwenyewe uliniahidi chewa mkubwa kama mlango.

— Nilikuahidi, Profesa. Lakini simleti.

— Yule mvuvi wako Sadik amemkosa?

— Sadik amemwona jana. Yuko palepale chini ya mwamba, karibu na mdomo wa mto. Mimi ndiye nimemwambia asimtegee ndoano.

Bishara aliacha kumimina. Mimi nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

— Ati umefanya nini? Profesa akasimama. Mkono mtupu haulambwi, ndugu yangu!

— Hiyo methali inaingilia wapi? Pembe akauliza.

— Inaingia! Wakwe watalamba nini?

— Keti, Profesa, akasema Bishara. Mwache aseme. Huyu hajalala. Mwangalie macho.

Ni kweli, macho ya Barafu yalikuwa mekundu. Alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, asinywe.

— Mnamkumbuka yule chewa tuliyemvua wiki tatu zilizopita? Yule niliyepita naye hapa mkia ukining'inia nje ya sanduku?

Tulimkumbuka. Stendi nzima ilimpiga picha.

— Basi yule Dorothy wa Minjila, yule msichana anayefanya utafiti wa samaki pale Kipini, aliniomba matumbo yake tu. Nikampa, ya nini kwangu? Jana akaniita. Amekata kipande chembamba kuliko karatasi, amekiweka kwenye ile mashine ya kuchungulia. Akaniambia, kaka Zadock, weka jicho hapa.

— Hadubini, akasema Profesa.

— Hiyohiyo. Nikaweka jicho. Nikaona vitu kama mawingu, vimejaa. Akaniambia hayo ni maziwa ya dume, yaani mbegu zake. Sawa, nikasema, chewa dume, habari gani hiyo? Akaniambia, tazama pembeni. Nikaona vitone vya kahawia, vimejikunja kama ufuta uliokaangwa ukasahaulika. Nikauliza, na hivi? Akasema, hayo ni mabaki ya mayai yake.

— Mayai ya nani? Pembe akauliza.

— Yake mwenyewe, mzee. Yule dume alikuwa mama. Alitaga miaka na miaka. Halafu alipokuwa mkubwa kuliko wenzake, akageuka dume.

Lori la ng'ombe lililokuwa likipita lilionekana kama limepunguza sauti.

— Wacha! akasema Pembe.

— Haki ya Mungu. Na sio yeye peke yake. Dorothy anasema chewa wa aina ile huanza maisha majike. Wanakua majike, wanazaa, na wachache wanaofikia ukubwa ule ndio wanageuka. Nikataka kubisha, maze. Nikafungua mdomo nibishe. Kisha nikakumbuka mikono yangu hii. Miaka kumi na moja natumbua chewa. Wadogo, mayai. Wa kati, mayai. Maziwa sijayaona ila kwa wale wakubwa kabisa. Mambo haya nilikuwa nayashika kila siku, na sikuwahi kuyaona.

Aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima.

Profesa hakuweza kuvumilia.

— Mimi nilijua zamani, akasema. Ni chumvi. Chumvi ikikaa mwilini miaka mingi inakaza. Kinachokazwa ni dume.

— Basi wauza chumvi wa Gongoni wote wangeota ndevu mbili, akasema Bishara.

— Na wahenga walijua! Profesa akaongeza moto. Kwa nini walisema samaki mkunje angali mbichi? Walimaanisha anageuka! Ukichelewa kumkunja, unamkuta amekuwa mtu mwingine!

— Mimi nasema ni baraza, akasema Pembe. Mimi samaki sili, babu zangu hawakula, lakini mambo ya kundi nayajua. Wanakaa chini huko, wanaulizana, nani mkubwa? Wanamtawaza. Akishatawazwa, mwili unatii.

— Na viboko je? Profesa akauliza. Mnajuaje hawa wanaokula mpunga wangu hawakuwa majike mwaka jana? Na mto wenyewe! Mto huu ulihama njia yake mara ngapi? Labda nao ulikuwa jike!

Tulicheka, lakini hakikuwa kile kicheko chetu cha kila siku. Kilikuwa kama cha watu wanaochungulia kisima kirefu. Na Pembe hakucheka. Alikuwa amelaza fimbo yake magotini.

— Zadock, akasema. Leo alimwita jina lake. Yule mliyemvua alikuwa dume pekee pale?

— Sijui, mzee. Dorothy naye hajui. Lakini pale mwambani Sadik hajaona mwingine wa ukubwa ule, ila huyu aliyetokea sasa. Huenda ndiye anageuka. Tukimtoa na huyu, watabaki majike watupu, na mayai bila baba ni maji tu.

Pembe akatikisa kichwa polepole.

— Ule ukame, mnaujua. Nilibaki na ng'ombe kumi na mmoja, wote majike. Fahali wangu alilala chini siku ya Ijumaa, hakuinuka. Mvua iliporudi nyasi zilijaa hapa mpaka kiunoni, na majike wangu wakanenepa, wazuri, wanang'aa. Hakuna hata ndama. Nilitembea mpaka Chewele kwa Farah, mfugaji mwenzangu, kuomba fahali, siku mbili kwenda. Nilikuta naye wake amekufa. Nikarudi. Usiku nawasikia wanalia kwa ile haja yao, na mimi sina la kuwapa. Mwaka mzima. Sasa mnaniambia Mungu ameweka huko majini mnyama ambaye fahali akifa, mmoja wa majike anasimama badala yake?

Akafuta uso kwa ncha ya kilemba.

— Subhanallah, akasema. Subhanallah. Mimi nilidhani nimeona kazi Yake yote kwenye ng'ombe.

Bishara alikuwa akisuuza vikombe. Alisema bila kugeuka:

— Nyinyi mnashangaa nini? Mume wangu Abdinur alipofariki, watoto walikuwa wanne, wa mwisho ananyonya. Shemeji zangu walikaa siku saba, wakala, wakaondoka. Nani alijenga boma upya? Nani alisimama mbele ya chifu kuhusu mpaka wa shamba? Nani alimfukuza fisi kwa kijinga cha moto? Siku moja binti yangu alisikia nakohoa nje, akasema, baba amerudi. Nikamjibu, ndiyo, lala.

Kwa miaka yote niliyokunywa kahawa ya mama yule, sikuwahi kusikia habari hiyo.

Profesa ndiye aliyejikohoza kwanza.

— Barafu, akasema taratibu. Mwambie Sadik amwache.

— Na wakwe?

— Wakwe watakula kambare wa mto huu. Nitawapikia kwa nazi mpaka walambe vidole. Wakinung'unika, nitawasimulia haya. Na nitaanza na chumvi.

— Usianze na chumvi, tukasema wote.

Kwenye kivuli cha duka langu alikuwa ameketi mwanamke akisubiri basi la Lamu, mtoto mgongoni. Hakuwa wa hapa. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo, nasi tulimsahau. Basi liliingia likipiga honi. Akainuka, akaokota mfuko wake, akasita.

— Samahani wazee wangu, akasema. Yule jike aliyebaki anajuaje kwamba zamu imemfikia yeye? Huko chini nani humwambia?

Tulimtazama Profesa. Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Pembe. Pembe akamtazama Bishara, na Bishara akatazama chini.

Yule mwanamke alingoja kidogo kwa adabu, kisha akapanda basi.

Barafu alitoa simu akampigia Dorothy, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Akamuuliza lile swali neno kwa neno. Upande wa pili tulisikia upepo na watu wakipakua kreti za samaki.

— Kwa samaki wengine wadogo tumeanza kuelewa kidogo, akasema Dorothy. Kwa chewa hawa wa kwetu, kaka, sijui. Hilo hasa ndilo ninalolitafuta. Nani ameliuliza? Nataka kuongea naye.

Tukageuka sote. Basi lilikuwa limeshapita mzunguko, vumbi lake likielekea Minjila, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza jina.